Ukijiunga na kundi Himalaya, uliza kwanza nani atashuka na wewe

Ndugu Mhariri,

Nawasalimu nyote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba mnivumilie manake itakuwa ndefu, jambo lenyewe nimekaa nalo kifuani muda mrefu na makala yenu ya juzi kuhusu safari za milima ya Himalaya ndio imenifanya nishike simu nianze kuandika. Mwandishi wenu kasema mtu anayesafiri peke yake akitaka kutembea kwa miguu kule Nepal asiwe na wasiwasi, atafute kundi ajiunge, akishakuwa ndani ya kundi yuko salama. Hapo kwenye kujiunga na kundi sina ugomvi naye, na mimi nilijiunga. Ila hapo kwenye "yuko salama" ndio nimeshindwa kunyamaza, manake kuna ugonjwa wa mwinuko, yani mtu kuumwa kwa kupanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea hewa yenye oksijeni kidogo, na kundi linaweza kukufanya uufiche.

Nilienda mwenyewe. Tulikuwa tumepanga wanne, tukaanza na kagrupu ka WhatsApp kabisa, alafu mmoja mmoja wakajitoa, huyu kazi, huyu mtoto, huyu hela haijatimia, mpaka nikabaki na tiketi yangu mkononi. Nikaona siahirishi. Sasa Nepal kuna ile amri ya bodi yao ya utalii iliyoanza tarehe 1 Aprili 2023, kwamba mgeni asipite njia za milimani bila mwongozaji mwenye leseni. Watu wa Khumbu, yani ule upande wa Everest, hawakuifuata, wao wana kibali chao cha halmashauri na unalipia pia rupia 3,000 za kuingia hifadhi ya Sagarmatha. Lakini mtu ambaye hujawahi kufika huko, uko peke yako, ukisoma habari ya amri unaona bora uwe na mwongozaji tu. Na mwongozaji wa kukuongoza wewe mmoja ni gharama, kwa hiyo wengi wetu tunaosafiri wenyewe tunaishia kuingia kwenye kundi la watu tusiowajua ili tugawane. Nikapata kampuni, nikalipa, nikaambiwa tuko kumi na mmoja, mwongozaji mmoja, msaidizi wake mmoja na wapagazi sita, tunaenda mpaka kambi ya chini ya Everest, mita 5,364 juu ya usawa wa bahari. Jina la kampuni silitaji, nia yangu sio kumchafua mtu.

Tuliingia matatizoni hata kabla ya kuanza kutembea. Misimu yenye wageni wengi ndege nyingi za kwenda Lukla, kale kamji ka milimani mnakoanzia kutembea, haziruki Kathmandu, zinaruka uwanja wa Manthali kule Ramechhap, kwa hiyo mnaamshwa saa saba usiku mnapakiwa kwenye gari, mnapita kona tupu kwa masaa manne matano, mnafika alfajiri mnakaa kusubiri ukungu uondoke. Lukla njia ya ndege ina urefu wa mita 527 tu na imejengwa kwenye mteremko, mbele ukuta wa mlima nyuma korongo, sasa rubani asipoona haendi, na wala usimlaumu. Sisi tulisubiri siku mbili. Siku mbili nzima tumekaa juu ya mabegi tunakula biskuti, na hizo siku mbili nataka mzikumbuke manake ndizo zilizokuja kutugharimu.

Nilipangiwa chumba na dada mmoja ambaye na yeye alikuwa peke yake, mwalimu wa hesabu, kanizidi kama miaka kumi hivi. Wengine wote walikuja na mtu wao, mume na mke, marafiki, mtu na mdogo wake. Sisi wawili tu ndio tulikuwa hatuna wetu. Mwongozaji alikuwa anamwita didi, ambayo kwa Kinepali ni dada mkubwa, na sisi wote tukamwita mwongozaji dai, yani kaka. Unajua ukishamwita mtu kaka unamwamini.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri mno, sitaki mtu asome barua hii akadhani najuta kwenda. Ule mpando wa kuingia Namche baada ya daraja refu la kamba za chuma, mita kama 600 unapanda tu bila kupumzika, mwongozaji yuko nyuma anasema bistari bistari, na bistari ndio polepole yetu, msafara wa yaki, wale ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu, ukija unajibana upande wa mlima sio upande wa korongo manake wakikupiga kikumbo na mizigo yao umekwenda. Namche, mita 3,440, tulilala siku mbili, ile siku ya katikati tukapanda mpaka karibu mita 3,900 tukaona Everest kwa mbali alafu tukarudi kulala palepale, ndio utaratibu wenyewe, panda juu ulale chini. Wote tulikuwa tunacheka. Dada mwalimu ndio alikuwa anaongea kuliko wote, anasimulia wanafunzi wake.

Kila jioni baada ya dal bhat, yani wali na dengu, msaidizi anapitisha kile kidude cha kubana kwenye kidole kinachosoma oksijeni ya damu. Kilipita mezani mbele ya kila mtu. Sasa binadamu tulivyo, ikageuka kama matokeo ya mtihani, huyu 91, huyu 88, mwenye 84 anavuta pumzi ndefu ndefu kabla hajabana ili namba ipande, wengine wanampigia makofi. Alafu kaka mwongozaji anauliza kwa sauti, kila mtu yuko sawa? Meza nzima inajibu, tuko sawa. Basi, hicho ndio kilikuwa kipimo chetu cha afya, swali moja, mbele ya watu kumi na mmoja.

Tengboche tukalala mita 3,860. Kesho yake kwenda Dingboche, mita 4,410, tukiwa tumepita kijiji cha Pangboche, kichwa kikaanza. Sio kuuma kwa kuchoka, ni kama mtu kakufunga kitambaa kwenye paji la uso na anakaza kidogo kidogo kila ukiinama. Nikanywa maji, nikanyamaza. Chakula cha jioni dada mwalimu alikula vijiko vitatu akasukuma sahani.

Ndio hapo, jiko la chumba cha kulia linawaka kinyesi cha yaki, sote tumelizunguka na soksi zinaning'inia, kaka mwongozaji akasimama akasema jamani tulipoteza siku mbili kule Ramechhap na ndege zenu za kurudi nyumbani hazitusubiri. Ratiba ilikuwa inasema kesho tupumzike hapa Dingboche. Tunaweza tukairuka hiyo siku tukaenda moja kwa moja Lobuche, kituo cha kulala kinachofuata, ila nataka kusikia kwenu, nani anajisikia vizuri kuendelea?

Ikawa kura. Mhariri, watu walipigishwa kura juu ya jambo ambalo mwili haupigi kura. Mikono ikaanza kupanda, wale marafiki wawili kwanza, mume na mke, wakafuata wengine, mpaka ikafika zamu ya sisi wawili tuliokaa mwisho wa benchi. Nilimwangalia dada mwalimu, akaniangalia, nadhani kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aseme. Nikainua mkono. Akainua na yeye.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliinua. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, huo msemo niliufundishwa darasa la tatu na naujua mbele nyuma. Lakini mtu uliyeingia kundini peke yako unajiona mgeni hata kama umelipa hela sawa na wengine. Wale wana watu wao wa kuwatetea, mke akisema kichwa kinauma mume anasema tusubiri. Wewe ukisema ni wewe tu, umewaharibia watu kumi safari ambayo wameiwekea akiba miaka, na kesho utakaa nao meza moja. Kwa hiyo unabana. Na kitu kingine ambacho sikukijua mpaka yakatukuta, watu wageni hawakujui ukiwa mzima unakuwaje. Rafiki yangu wa siku zote angeniona nimenyamaza angejua leo huyu anaumwa kweli. Dada mwalimu aliyekuwa anaongea kutwa nzima alipoacha kuongea, sisi tulidhani amechoka anataka kuachwa apumzike, na kwa adabu tukamwacha.

Hesabu yenyewe ya kupanda bila kuugua sio ngumu na mngetaka mngeiweka kwenye makala yenu. Wanaojua tiba ya milimani wanashauri ukishavuka mita 3,000, pale unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu nne upumzike siku moja usipandishe kitanda. Wanaangalia unapolala, sio ulipofika mchana ukapiga picha. Sasa chukua sisi, kutoka Namche 3,440, Tengboche 3,860, Dingboche 4,410, Lobuche 4,940. Mita 1,500 kwa usiku mitatu bila kupumzika hata siku moja. Hapo kambi ya chini ya Everest hewa unayovuta ina oksijeni kama nusu tu ya ile ya pwani, mwili unaweza kuzoea lakini unataka siku zake, unabadilisha upumuaji, figo zinafanya kazi yake, na hakuna mazoezi ya gym yanayofupisha hizo siku. Hata vijana wenye nguvu wanaumia, miguu ikiwapeleka haraka kuliko mwili unavyozoea. Kuna dawa, Diamox, watu wengi wanameza nusu kidonge asubuhi na jioni kujikinga na inasaidia kweli, ila umuulize daktari wako kabla hujaondoka, na haifuti ratiba mbovu.

Lobuche tulifika saa tisa alasiri na upepo. Dada mwalimu hakuja kula, akasema amechoka anataka kulala. Kama saa tano usiku nikasikia vitu vinaanguka. Nikawasha tochi ya kichwani. Amekaa kitandani, ameshika glovu, anajaribu kuivaa mguuni. Anaisukuma, haiingii, anaitoa, anaiangalia, anaanza tena, mtulivu kabisa kama mtu anayejiandaa kwenda kazini. Nikamuuliza dada unafanya nini, akanijibu jambo la wanafunzi, kengele imegonga. Nikatoka na soksi mbio kumgongea msaidizi.

Yule kijana msaidizi namshukuru mpaka leo. Alimsimamisha kwenye ile korido ya mbao akamwambia didi nifuate, weka kisigino mbele ya vidole, kisigino mbele ya vidole, kwenye mstari wa ubao. Hatua ya kwanza akaweza, ya pili akaangukia ukuta. Akasema basi, ubongo unavimba, tunashuka sasa hivi, hatungoji asubuhi. Hicho kipimo hakitaki mashine wala hela, mtu yeyote anaweza kukifanya, mtu ambaye jana alikuwa anatembea sawa leo hawezi kutembea kwenye mstari na yuko mwinuko mkubwa, huyo ni mgonjwa wa kushushwa usiku huo huo. Kingine ni mapafu, mtu anahema kama amekimbia wakati amekaa tu, anakohoa, hata kama hana kichwa kinachouma. Na yeye ni wa kushushwa.

Kwenye begi la dawa kulikuwa na vidonge vya deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, akampa. Mtungi wa oksijeni hatukuwa nao. Kaka mwongozaji ilibidi abaki na wale tisa, kwa hiyo tukashuka mimi, msaidizi, mgonjwa na kijana mmoja mpagazi aliyeamshwa usingizini. Huyo kijana hakuwa na glovu. Alimbeba dada mgongoni, amemfunga na namlo, ule mkanda wanaouweka kwenye paji la uso kubebea mizigo, akichoka anapokezana na msaidizi, mimi mbele na tochi naangaza mawe. Pale juu ya Thukla kuna minara ya mawe ya kumbukumbu za waliofia Everest, mchana tulipiga picha pale, usiku tulipita bila mtu kusema neno. Tulipofika chini ya ule mteremko dada akaanza kulalamika baridi, na msaidizi akacheka kwa furaha, akasema akilalamika ni vizuri, anarudi.

Alfajiri tukaingia Pheriche, kijiji kilicho chini zaidi. Pale kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, shirika la kuokoa watu milimani, ipo tangu 1973, madaktari wanaojitolea wanakuja kwa misimu miwili ya wageni, na kila alasiri wanatoa somo la ugonjwa wa mwinuko kwa yeyote anayepita. Sisi tulilala Dingboche, upande wa pili tu wa kilima, hilo somo hatukulisikia. Wakamweka kwenye oksijeni, na kulipokucha helikopta ikampeleka Kathmandu. Amepona. Daktari aliniambia kushuka ndio dawa yenyewe, vingine vyote ni vya kusogeza muda.

Nilimuuliza kama hayo yetu ni ya nadra, akasema hapana, na mambo ya makundi wanayajua zamani. Baadaye nikasoma kwamba madaktari waliokuwa wanafanya kazi Nepal miaka ya 1980 na 1990 walishaona kuwa waliokufa kwa ugonjwa wa mwinuko wengi walikuwa kwenye makundi yaliyopangwa na kampuni, kupita idadi yao kwenye njia. Na ukikaa ukafikiri unaona sababu. Anayetembea mwenyewe kichwa kikimuuma analala hapo siku mbili, hana wa kumwomba ruhusa. Kwenye kundi kuna ratiba, na ratiba ina ndege mwisho wake.

Sisemi watu waende wenyewe. Naomba nieleweke hapa. Oktoba 2014 dhoruba ya theluji ilipiga upande wa milima ya Annapurna, kule kwenye kivuko cha juu cha Thorong La, ikaua watu zaidi ya arobaini, waongozaji na wageni na wenyeji, huko juu kuwa peke yako sio jambo la kuchukulia mzaha. Na dada mwalimu yuko hai kwa sababu ya watu. Angekuwa amelipia chumba cha peke yake usiku ule, na kampuni nyingi zinakuuzia hicho chumba kama heshima, nani angesikia glovu na viatu vinaanguka? Asubuhi ndio tungemgongea. Kwa hiyo mtu akiniuliza namwambia huko chini lala mwenyewe ukitaka, ila ukivuka mita 4,000 lala na mwenzako, na usiku wa kwanza tu mwambiane, mimi nikiwa mzima naongea sana, nikinyamaza niulize. Mimi nalala mapema, nikiwa macho saa sita jua kuna kitu. Mambo madogo kama hayo, kwa sababu hamjuani.

Na kabla ya kulipa uliza, usione aibu, hela ni yako. Swali langu la kwanza siku hizi sio bei, ni mtu akiugua akashushwa nani anashuka naye, na wanaobaki wanabaki na nani? Sisi baada ya msaidizi kuondoka, watu tisa walibaki na mwongozaji mmoja na wakaendelea kupanda. Angeugua wa pili usiku unaofuata? Wakikujibu "haijawahi kutokea" tafuta wengine. Alafu uliza siku za akiba ziko ngapi na ziko wapi, manake kila kampuni inajua ndege za Lukla zinakwama, sio habari mpya, sasa kama ratiba haina siku za kupoteza ina maana siku ya kupoteza itachukuliwa kwenye siku zako za kupumzika. Waombe wakuandikie kila usiku mnalala mita ngapi. Ukiona tofauti ni zaidi ya 500 usiku mfululizo bila siku ya kupumzika unajua unachokiona. Bima isome yenyewe, zipo nyingi zinaishia mita 3,000 au 4,000, wewe unataka inayofika 6,000 na inayolipa helikopta. Ni kweli mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza utapeli wa helikopta, watu wanapakiwa kwa kichwa kidogo tu ili bima ilipe, na hilo limewafanya wengine waogope hata kuomba msaada wakati wa kweli. Ukiwa unaongea vizuri na unatembea kwenye mstari, shuka kwa miguu yako. Ukiwa huwezi, usibishane.

Tena uliza ile habari ya kila jioni. Kuna waongozaji wanapita chumba kwa chumba, wanamuuliza kila mtu peke yake, umelala vipi, umekula, umetapika, kichwa kikoje kutoka sifuri mpaka tatu, wanaandika kwenye kadaftari. Dakika mbili tu. Mimi na dada mwalimu tungeulizwa hivyo Dingboche, kila mmoja kando, nina uhakika tungesema kweli wote wawili. Na kura ya kupanda isiwepo kabisa, mwongozaji ndio aamue na aamue kwa yule mdhaifu kuliko wote.

Kuhusu wapagazi naongeza kidogo, najua barua imeshakuwa ndefu. Watu wanadhani wote ni Sherpa waliozaliwa huko juu, wakati Sherpa ni kabila, na wengi wanaobeba mizigo ni Warai, Watamang na wengine wa mabonde ya chini, mwinuko unawapiga kama unavyotupiga sisi. Wanaowatetea wanasema mzigo usizidi kilo 30 kule Nepal, na nimeona kwa macho yangu vikapu ambavyo watu wawili wanasaidiana kukinyanyua kimoja. Kile kidude cha kidoleni hakikuwahi kupita meza yao hata jioni moja. Yule kijana aliyembeba dada, tulipofika Pheriche vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi hawezi kushika kikombe, nikamshikia chai anywe, nikampa glovu zangu, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa anapanda kurudi Lobuche kwa sababu mizigo ya watu ilikuwa inamsubiri. Uliza kampuni kama wapagazi wana bima na nguo za baridi. Uliza hata kama unaona haikuhusu.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkiandika tena hizi safari, au mkiweka tangazo la kampuni yoyote, wekeni na ule mstari mmoja wa mita za kulala kila usiku na siku za akiba. Picha za bendera za maombi na milima zinavutia, ndio zilizonipeleka hata mimi, lakini msomaji anayejiandaa kwenda mwenyewe hana wa kumuuliza zaidi yenu.

Dada mwalimu tunaandikiana mpaka leo. Ananiambia Dingboche anaikumbuka yote, jiko, soksi, mikono iliyoinuliwa. Lobuche haikumbuki kabisa, wala kubebwa. Mwezi wa kumi narudi, mwenyewe tena, na kundi lingine la watu wanane nisiowajua. Niliwaandikia maswali yote niliyoyataja hapa, kampuni tatu hazikujibu, ya nne ikanijibu siku hiyo hiyo, waongozaji watatu kwa watu wanane, usiku miwili Namche, usiku miwili Dingboche, siku tatu za akiba mwisho wa safari, na kila mtu anaulizwa habari ya afya yake chumbani kwake. Hao ndio nimewalipa.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi